Kujifunza kompyuta ukubwani: pa kuanzia, pa kukwama na namna ya kujikwamua

Mtu mzima anapoanza kompyuta, mara nyingi huja na daftari. Huandika kila hatua: bofya hapa, shuka mpaka pale, bofya tena, jibu ndiyo. Maelekezo hayo humfaa mpaka siku programu itakapojisasisha na kitufe alichokizoea kikahamia pembe nyingine ya skrini. Hapo hatua ya pili haipo tena, ya tatu haina maana, na mwenye daftari huhitimisha kwamba kompyuta si ya watu wa rika lake.

Umri una sehemu yake. Baada ya miaka 40 macho huanza kusumbuka na vitu vya karibu, mkono hupungua wepesi, na jambo geni hutaka marudio zaidi ndipo likae kichwani. Hayo yana dawa, na dawa nyingine ni kubadilisha mpangilio mmoja tu kwenye mashine. Kinachowakwamisha wengi zaidi ni kufundishwa mfuatano wa vitufe bila kupewa majibu ya maswali matatu: sasa hivi kompyuta inasubiri nini kwangu, kazi yangu imekaa wapi, na nikikosea narudije. Anayeweza kuyajibu hukaa mbele ya programu asiyoijua akaipapasa mpaka ikamkubali. Mafunzo mazuri, yawe ya darasani au ya nyumbani, hujengwa juu ya maswali hayo, na inafaa kuanza na lile la mwisho.

Somo la kwanza ni kurudi nyuma

Katika miaka ya 1980 mtafiti John M. Carroll na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM walichunguza watu wazima waliokuwa wakijifunza programu za kuandikia. Waliwakuta hawasomi vitabu vya maelekezo kwa mpangilio. Walirukia kazi waliyokuwa nayo, wakakosea, kisha muda mwingi ukapotea wakihangaika kutoka ndani ya kosa ambalo kitabu hakikulitaja kabisa. Pendekezo la Carroll lilikuwa maelekezo mafupi, yanayoanza na kazi halisi na yanayotoa nafasi kubwa kwa namna ya kujinasua. Miaka 40 baadaye madarasa mengi bado yanaanza na historia ya kompyuta na majina ya sehemu zake.

Saa ya kwanza itumike hivi. Mwanafunzi afungue programu yoyote ya kuandikia, aandike sentensi mbili, kisha abonyeze Ctrl na A kwa pamoja ili kuteua maandishi yote. Sasa abonyeze herufi moja tu. Kila alichoandika kitatoweka na kubaki herufi ile. Hili ndilo kosa linalowatisha wanaoanza kuliko yote, kwa sababu hutokea kwa bahati mbaya: maandishi yaliyoteuliwa hupisha herufi yoyote itakayobonyezwa. Kisha abonyeze Ctrl na Z, na maandishi yatarudi. Zoezi lirudiwe mara tano au sita, mpaka kupotea na kurudi kwa maandishi kusimshtue tena. Kwenye kompyuta za Apple kitufe cha Command ndicho kinachoshika nafasi ya Ctrl katika amri hizi.

Baada ya hapo ifuate Esc. Menyu ikifunguka bila kuitwa au kisanduku kikatokea katikati ya skrini, Esc aghalabu hukifunga bila kufanya lolote. Halafu mwanafunzi afunge programu makusudi kabla ya kuhifadhi, ili lile swali la kuhifadhi lijitokeze. Asome kwa sauti majibu yote matatu. La kwanza linahifadhi, la pili linatupa kazi, la tatu linafuta amri ya kufunga na kumrudisha alipokuwa. Watu wazima huwa na tabia mbili mbele ya visanduku vya aina hii: ama hubofya OK bila kusoma, ama huganda. Kuvisoma kwa sauti ndiyo tiba ya zote mbili, hata kama jirani atacheka.

Aelezwe waziwazi pia yapi hayarudi, maana ni machache na kuyajua hupunguza woga wa mengine yote: barua pepe iliyokwisha kutumwa, pipa la taka lililomwagwa, diski iliyofomatiwa (iliyofutwa yote na kuandaliwa upya), faili iliyohifadhiwa juu ya nyingine yenye jina lilelile, na, kwenye Windows, faili iliyofutwa ndani ya flashi. Hilo la mwisho huwanasa hata wazoefu. Faili ikifutwa kwenye diski ya ndani huenda kwenye pipa la taka na inaweza kurudishwa, lakini ikifutwa kwenye flashi haipiti huko. Inaondoka moja kwa moja.

Mkono kabla ya kichwa

Kipanya kilioneshwa hadharani na mvumbuzi wake, Douglas Engelbart, huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na tangu hapo walimu wamekuwa wakisahau kwamba si kifaa cha kueleweka chenyewe. Kwa aliyekizoea hakuna la kueleza. Kwa anayekishika mara ya kwanza kuna mambo manne. Kishikwe mkia au vitufe vikiwa mbele, maana kikigeuzwa kishale hukimbilia kinyume. Kusukuma mbele mezani ni kupanda juu kwenye skrini. Meza ikiisha kabla ya skrini, kipanya kinanyanyuliwa, kinarudishwa katikati na kuendelea, kwa kuwa kikiwa hewani kishale hakisogei. Na meza ya kioo au inayong'aa sana hukichanganya kimulimuli cha chini, kwa hiyo karatasi nyeupe chini yake humaliza tatizo.

Kubofya mara mbili ndiko kunakowashinda wengi. Kwenye Windows mibofyo miwili inatakiwa iangukie ndani ya nusu sekunde hivi, na kishale kisisogee zaidi ya pikseli (nukta za skrini) chache katikati yake. Mkono wenye wasiwasi husogea, na kompyuta huona mibofyo miwili tofauti au inadhani unaburuta kitu. Tuliza kitako cha kiganja mezani, kidole pekee ndicho kicheze. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya kipanya upunguze kasi ya kubofya mara mbili. Ikishindikana tena, achana nako: kwenye Windows bofya mara moja kuteua, kisha bonyeza Enter. Hakuna ushujaa wowote katika kubofya mara mbili.

Mazoezi ya mkono yasiwe ya kuchosha. Mchezo wa karata wa Solitaire uliingizwa kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, na Minesweeper ukafuata kwenye Windows 3.1 mwaka 1992. Wa kwanza ulikuwa darasa zuri la kuburuta, wa pili wa kutofautisha kitufe cha kushoto na cha kulia, na kazi hiyo wanaifanya mpaka leo. Dakika 15 za karata kila siku kwa wiki moja hunyoosha mkono kuliko saa mbili za kuambiwa "buruta, buruta, sasa achia". Programu huria ya GCompris pia ina mazoezi ya kipanya na kibodi. Imetengenezewa watoto, na mtu mzima asiyejali picha za wanyama ataifaidi.

Kuna jambo moja la skrini ambalo halielezwi na linazaa nusu ya maswali ya wiki ya kwanza. Kuna vitu viwili vinavyoonesha mahali: kishale kinachofuata mkono, na kistari chembamba kinachowaka na kuzima. Maandishi hutokea penye kistari, kishale kiwe popote. Anayesogeza kishale kwenye kisanduku cha jina na kuanza kuandika bila kubofya atashangaa maandishi yakienda kwingine au yasionekane kabisa. Kabla ya kuandika chochote, tafuta kistari. Humo ndimo lilimo jibu la "kompyuta inasubiri nini".

Kibodi ina mitego yake midogo. Kidole kikikaa juu ya herufi, itajirudia mpaka kitoke. Bonyeza na kuachia. Herufi zote zikiwa kubwa, Caps Lock imewashwa, na nywila iliyokataliwa mara tatu mfululizo mara nyingi imekataliwa kwa sababu hiyohiyo. Herufi mpya zikianza kumeza zilizo mbele yake, Insert imeguswa kwa bahati mbaya, iguse tena. Namba za upande wa kulia zikiacha kuandika na badala yake zikakimbiza kistari, Num Lock imezimwa. Ukibonyeza kitufe chenye alama ya @ ikatoka alama ya kunukuu, kompyuta haijaharibika: mpangilio wa kibodi umewekwa wa Uingereza wakati vitufe ni vya Marekani, au kinyume chake, na hurekebishwa kwenye mipangilio ya lugha. Kuandika kwa vidole kumi kunaweza kusubiri. Vijinundu vilivyo juu ya F na J vipo ili vidole vya shahada vijue makao yao bila kutazama, lakini anayetaka kutuma barua pepe mbili kwa wiki hana sababu ya kutumia miezi mitatu kwenye mazoezi ya uchapaji kabla ya kugusa kitu kingine.

Waliozoea mashine za chapa, au daftari tu, hubonyeza Enter mwishoni mwa kila mstari. Maandishi hujivunja yenyewe. Enter ni ya aya mpya. Vivyo hivyo kusogeza kichwa cha habari katikati kwa kubonyeza nafasi mara ishirini: kinaonekana sawa leo, kinavurugika ukubwa wa herufi ukibadilika. Kuna kitufe cha kuweka katikati.

Na macho yasisahaulike, kwa kuwa uchovu wa macho hujificha kama kutoelewa. Skrini ikae umbali wa sentimita 50 hadi 70. Kwenye mipangilio ya onyesho, kuza kila kitu hadi asilimia 125 au 150, na ukubwa wa kishale uongezwe. Ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandaoni, Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa, Ctrl na 0 huurudisha kawaida. Hiyo ya pili ni muhimu kwa sababu anayezungusha gurudumu la kipanya huku kidole kimeangukia Ctrl ataona maandishi yakivimba au kusinyaa ghafla. Mwenye miwani ya sehemu mbili hutazama skrini kwa kipande cha chini, hivyo hulazimika kuinua kidevu na shingo huuma baada ya robo saa. Kwake skrini ishushwe chini kuliko ya wengine.

Simu ni msaada, na ni mpotoshaji

Watu wengi wanaokuja kujifunza kompyuta leo wametumia simu ya kisasa kwa miaka. Wanajua nywila, wanajua kutafuta, wanatuma picha. Hawaanzi sifuri, na mwelekezi anayewatendea hivyo anawachosha bure. Lakini simu imewafundisha pia mazoea yanayogongana na kompyuta, na ni vyema yatajwe kwa jina.

Simu huhifadhi yenyewe. Mtu huandika dokezo, hufunga, hulikuta kesho. Programu nyingi za kompyuta hungoja amri; maandishi mapya hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme ukikatika, mpaka yaandikwe kwenye diski. Ctrl na S iwe mazoea ya kila aya. Baadhi ya programu hujihifadhi zenyewe, lakini mara nyingi pale tu faili linapokaa kwenye hifadhi ya mtandaoni, jambo ambalo anayeanza hawezi kulitambua kwa kutazama.

Simu huonesha programu moja kwa wakati. Kompyuta hulaza madirisha juu ya madirisha, na lililofunikwa huonekana kama limepotea. Mwanafunzi hulifungua upya, na baada ya nusu saa ana nakala nne za programu ileile. Afundishwe mapema kutazama upau wa chini wa skrini, ambako kila kilicho wazi kina alama yake, na kubonyeza Alt na Tab kuhama kati yao. Pia tofauti ya kupunguza dirisha na kulifunga: alama ya kistari hulishusha chini likiwa bado hai, alama ya X hulimaliza.

Tatu, simu humficha mtumiaji faili. Picha ziko "kwenye picha", nyaraka ziko ndani ya programu iliyozipokea. Mtu anaweza kutumia simu miaka kumi asiwahi kujiuliza faili liko wapi. Akija kwenye kompyuta, hilo ndilo swali la kila siku.

Kazi yangu iko wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo kozi nyingi hupita mbio ili ziwahi majedwali ya hesabu.

Faili ni kitu kimoja kilichohifadhiwa: barua, picha, wimbo. Folda ni mahali pa kuwekea faili na folda nyingine, kama makabati yenye droo na droo zenye bahasha. Programu ni chombo cha kufungulia faili. Faili haliishi ndani yake. Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana nyepesi, ila wengi husema "barua yangu iko ndani ya Word", na siku wanapokaa kwenye kompyuta nyingine yenye Word hushangaa barua haimo. Mwanafunzi aoneshwe faili lilelile likifunguliwa na programu mbili tofauti, kwa mfano Word na LibreOffice, na fikra hiyo hunyooka yenyewe.

Zoezi linalofanya kazi ni hili. Tengeneza folda kwenye Documents, iite Mazoezi. Ndani yake tengeneza nyingine mbili: Barua na Picha. Andika waraka wa mistari mitatu, uhifadhi ndani ya Barua kwa jina linaloeleweka na tarehe iliyoandikwa kuanzia mwaka, mfano "2026-03-14 ombi la likizo", ili faili zikijipanga kwa alfabeti zijipange pia kwa wakati. Funga kila kitu. Sasa ulitafute na kulifungua bila kupitia orodha ya faili za karibuni inayotolewa na programu. Hatua hii ya mwisho ndiyo zoezi lenyewe. Anayelipata faili lake kwa kupita folda hadi folda amevuka mlima, na anayelipata kwa orodha ya karibuni pekee bado hajui liko wapi.

Kisha kunakili na kuhamisha. Ctrl na C hunakili, Ctrl na X hukata, Ctrl na V hubandika. Kuburuta kwa kipanya kuna kanuni ambayo huonekana kama ukaidi usipoijua: kwenye Windows, faili likiburutwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile huhama, likiburutwa kwenda diski nyingine, mathalani flashi, hunakiliwa. Ndiyo maana mtu huburuta picha zake kwenda flashi na kuzikuta bado ziko pale pale, halafu akiziburuta kwenda folda jirani "zinapotea". Kwa wanaoanza ni salama zaidi kutumia amri za kunakili na kukata, ambazo husema wazi nia yako. Faili likihamia kusikotarajiwa, Ctrl na Z hufanya kazi hapo pia.

Viambatisho vya barua pepe vina mtego wa peke yake. Kiambatisho kikifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye barua, kinachofunguka mara nyingi ni nakala ya muda au ya kusomwa tu. Mtu huijaza fomu, huhifadhi, hufunga, kesho haioni, na iliyo kwenye barua bado ni tupu. Utaratibu uwe: pakua kwanza, nenda kwenye folda ya Downloads, hamishia faili kwenye folda yako, ndipo ulifungue.

Upungufu wa ukubwa nao huwashtua watu. Flashi iliyoandikwa GB 64 huonekana kwenye Windows kama ina GB 59 hivi. Hujaibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024. Na picha za simu zisipoonekana baada ya kuunganisha waya, simu za Android kwa kawaida huanza na kuchaji tu. Shusha pazia la arifa kwenye simu uchague kuhamisha faili.

Darasani, nyumbani au peke yako

Darasa lina faida ya ratiba na ya kuona wengine wakikosea. Kabla ya kulipia, uliza mambo mawili: kila mtu ana mashine yake, na mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi. Wawili wakikaa kompyuta moja, anayeshika kipanya hujifunza na mwenzake hutazama. Wakizidi kumi na mbili hivi kwa mwalimu mmoja, wanaokwama huketi kimya wakisubiri mkono wao uonekane. Angalia pia kama unaweza kurudi kufanya mazoezi nje ya saa za kipindi, kwa kuwa kinachofundishwa Jumatatu bila kuguswa mpaka Jumatatu nyingine hufifia. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka mambo tuliyojifunza na jinsi marudio yaliyotawanywa yanavyoyashikilia. Dakika 30 hadi 45, siku nne kwa wiki, zinashinda Jumamosi nzima.

Cheti ni jambo jingine. ICDL, iliyoanza Ulaya kwa jina la ECDL katika miaka ya 1990, inatambulika katika nchi nyingi. Mpango wake wa mwanzo ulikuwa na moduli saba, hifadhidata ikiwa mojawapo, na alama ya kufaulu asilimia 75. Kwa anayetafuta kazi ya ofisi cheti hicho kina maana. Kwa anayetaka kuwasiliana na wanawe na kulipa ankara, ni mzigo, na moduli ya hifadhidata itamfukuza kabla hajafika kwenye barua pepe. Ukitaka kujipima bila cheti, mfumo wa DigComp wa Tume ya Ulaya, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2013, una maeneo matano: taarifa, mawasiliano, kutengeneza maudhui, usalama, na kutatua matatizo. La mwisho linapewa uzito sawa na mengine, na hapo waandaaji wake wameona mbali.

Kusaidiwa na mtoto au ndugu ni njia ya kawaida kuliko zote na mara nyingi ndiyo inayofeli. Sababu ni moja: msaidizi huchukua kipanya. Kazi inakamilika kwa sekunde kumi, mwanafunzi ameona vitu vikiruka, hakuna alichojifunza isipokuwa kwamba yeye ni mzito. Sheria iwe kali: mikono ya msaidizi ikae nyuma. Aseme anachokiona, si cha kubofya tu: "Unaona kistari kiko wapi? Soma kisanduku hicho kinauliza nini." Na mwanafunzi asiseme "imeharibika", aseme alichobonyeza na kilichotokea.

Anayejifunza peke yake ana vifaa vingi vya bure. GCFGlobal hutoa masomo ya hatua kwa hatua kwa Kiingereza, Kihispania na Kireno. Video zipo tele, na kosa lake kubwa ni kutazamwa kama tamthilia. Bonyeza kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, dirisha la video litachukua nusu ya skrini. Nusu nyingine iwe ya programu unayojifunza. Simamisha kila baada ya hatua moja ufanye. Punguza kasi hadi 0.75 ikibidi. Angalia kwanza video inahusu toleo gani, la sivyo utatafuta kitufe ambacho hakipo. Tahadhari hiyohiyo inahusu roboti za maongezi za akili unde: hueleza vizuri na kwa subira, lakini hutaja kwa ujasiri menyu ambazo kompyuta yako haina. Iambie roboti mfumo wa kompyuta yako na toleo lake kabla ya kuuliza, na usiipe nywila wala picha ya skrini yenye taarifa za fedha.

Kompyuta ya mazoezi isiwe kuukuu mno. Mashine inayochukua sekunde 20 kuitikia humfundisha mtu kubofya mara nane, kisha madirisha nane yanafunguka kwa mkupuo. Kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD (aina mpya iliyo nyepesi kuitikia) hutosha kabisa. Ukinunua iliyotumika, hakikisha inaweza kuendesha mfumo unaosasishwa, kwani usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux, mfumo huria unaoweza kushika nafasi ya Windows, ni njia mbadala ya heshima kwa mashine ya zamani.

Mtandaoni, kabla ya kuachiwa

Usalama usiwe somo la mwisho, maana mwanafunzi ataingia mtandaoni wiki ya kwanza, utake usitake. Tofauti ya kwanza ni ya anwani na utafutaji. Ukiandika jina la benki kwenye kisanduku cha kutafuta, matokeo ya juu huweza kuwa matangazo, na matangazo yamewahi kutumiwa na matapeli. Andika anwani kamili juu kabisa, kisha iweke kwenye vialamisho, yaani orodha ya anwani ulizozihifadhi kwenye kivinjari.

Kusoma anwani kuna kanuni. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake baada ya jina, kisha soma kurudi kushoto: mwenye tovuti yuko kwenye sehemu mbili za mwisho. Katika akaunti.example.com mwenyewe ni example.com. Katika example.com.malipo.example.net mwenyewe ni example.net, hata kama jina unalolijua limetangulia. Baadhi ya nchi zina miishio ya sehemu mbili, kama .co.uk, kwa hiyo huko hesabu tatu. Alama ya kufuli husema kwamba mawasiliano yamefumbwa njiani. Haisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Skrini ikijaa wekundu na kelele ikidai kompyuta ina virusi na upige namba fulani, ni ulaghai. Microsoft wamesema ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu. Ctrl na W hufunga ukurasa. Ukigoma, Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu, ambako kivinjari huzimwa. Kikiwashwa upya, usikubali kurejesha kurasa za awali.

Kuhusu nywila, urefu una nguvu kuliko mapambo. Tangu 2017 mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hauungi mkono kulazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu. Maneno manne yasiyohusiana yanakumbukika na ni magumu kubahatisha. Kuziandika kwenye kijitabu kinachokaa nyumbani si dhambi. Kutumia nywila ileile kwenye akaunti zote ndiyo hatari yenyewe. Barua pepe ipewe nywila yake pekee na uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na hakikisho la pili, kama msimbo kwenye simu), kwa kuwa anayeishika anaweza kuomba kubadilishiwa nywila za akaunti nyingine zote.

Kujua kama umefika

Baada ya wiki sita hadi nane za ratiba ile ya dakika 30, jipime kwenye kompyuta usiyoizoea, bila daftari. Kazi iwe moja yenye viungo vingi: pokea barua pepe yenye kiambatisho, kipakue, kiweke kwenye folda mpya, badilisha mistari miwili, hifadhi kwa jina jingine kwa kutumia Save As ili la awali libaki, litume kama kiambatisho, kisha nakili yote mawili kwenye flashi na kuitoa kwa amri ya kutoa kabla ya kuichomoa.

Aliye karibu asiseme kitu kwa dakika tano za kila mkwamo. Atazame tu mkwamo umetokea wapi. Mwanafunzi akikwama kwenye kutafuta kilichopakuliwa, arudi kwenye folda. Akikwama mbele ya kisanduku kinachouliza, arudi kwenye kusoma kwa sauti. Akikosea, akabonyeza Ctrl na Z bila kuambiwa na kuendelea, anaweza sasa kufungua jedwali la hesabu.